Nambari Sita za Phoebe

Elkana Nyundo aliwahi kumpiga mtu ulingoni Tanga mpaka yule mtu akasahau jina la mkewe. Kisa hicho alipenda kukisimulia pale Chaani, yeye na hamali wenzake wakisubiri trela kutoka bandarini Kipevu lifunguliwe, na kila aliposimulia yule mtu alisahau kitu kipya: safari hii mke, safari nyingine mpaka mama mzazi. Wenzake walicheka lakini walimwamini. Ukimtazama Elkana hukuona sababu ya kubisha. Shingo ilikuwa nene, pua imelala upande, na kwenye nyusi makovu yalizidi nywele. Gunia la kilo hamsini alilitupa begani kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe ni wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kasoro yake. Kisa cha mkono wa kulia hakumsimulia mtu.

Kwao ni Muheza, Tanzania. Ukimuuliza miaka kumi na tisa iliyopita alifuata nini Mombasa, atakwambia alifuata kazi. Uongo mtupu. Alikimbia. Jumapili moja, kabla ya ibada, alimpiga mkewe Phoebe ngumi ya kushoto, ile ile iliyompa jina la Nyundo, kwa kosa la chai kuchelewa. Taya likavunjika, na mlio wake ulisikika mpaka uani. Mtoto wao Felix, wa miaka sita, alikuwa amesimama hapo hapo ukutani, kwa sababu kila asubuhi baba yake alimsimamisha hapo kumfundisha ubondia. Mgongo ukutani, mikono chini, baba anarusha ngumi inasimama inchi moja mbele ya uso, na ole wake mtoto apepese macho. Akipepesa, kofi. Asubuhi ile Felix aliona kila kitu, hakupepesa hata mara moja. Wajomba wa Phoebe walipofika na mapanga, Elkana alikuwa ndani ya basi, kichwa kimefunikwa koti.

Chaani alikuja na habari nyingine, kwamba mke alimtoroka na fundi wa redio. Kafedha, Mgiriama wa Kaloleni anayeuza viazi karai nje ya lango la nyumba yao, alimuonea huruma mwanamume aliyekimbiwa, akakubali kuolewa naye. Mwaka wa pili wa ndoa Elkana akamzaba kofi. Kafedha hakulia wala hakuita majirani. Aliingia jikoni, akatoka na mchi wa kutwangia, akauvunja mkono wa kulia wa mumewe mahali pawili, chini ya kiwiko na penye kifundo, kisha akarudi kugeuza viazi visiungue. Hospitalini Elkana alisema ameanguka kutoka kwenye lori. Tangu siku hiyo amekuwa mume mwema, na kama wema huo unatoka moyoni au mfupani, tusimchunguze sana.

Sasa, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, Bonface, dereva anayepeleka mizigo Tanga, alimletea bango lililochanwa ukutani. Kulikuwa na pambano la ubingwa siku ya pili ya Krismasi. Kwenye bango, kijana mwenye shingo nene na mikono iliyoinuliwa, na chini yake limeandikwa jina: Felix wa Phoebe.

Elkana alilitazama bango lile mpaka chai yake ikapoa. Halafu akazunguka godauni nzima akilionyesha. "Huyu mwanangu. Damu yangu hii. Tazameni bega hilo!"

"Mbona ameandikwa wa Phoebe?" akauliza Tsofa, mwenzake wa kubeba.

"Huko kwetu bondia huchukua jina la mama. Ni heshima tu."

Hakuna heshima ya aina hiyo Muheza wala kwingineko, lakini Tsofa angejuaje? Kuanzia hapo Elkana hakuwa na habari nyingine mdomoni. Alijua ada ya mabondia: wakiwekewa kipaza sauti humtaja Mungu kwanza, kisha aliyewafundisha. Na Felix nani alimfundisha kusimama, kama si yeye? Alitaka kutajwa. Alitaka jina lake litoke kinywani mwa mwanawe mara moja tu, Chaani yote ikisikia, na hilo likitokea angehesabu kwamba amesamehewa bila kuomba. Kwa ajili hiyo alinunua runinga ya kisasa, ile inayoshika mtandao, kwa jasho la miezi yote ya mwisho wa mwaka.

Siku ya pili ya Krismasi, saa kumi alasiri, chumba kilikuwa kimejaa. Hamali wanane na wake zao, mabinti aliowazaa na Kafedha wako Kaloleni kwa bibi yao, viazi karai viko kwenye sinia, na mbele ya runinga amepiga magoti Winfred, jirani wa chumba cha tatu, mtu wa bara anayefanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Winfred ndiye alijua mambo ya mitambo. Alikuwa ameipata apu ya kituo cha Tanzania kinachoonyesha ngumi, nayo apu ikamjibu kwamba huduma haipatikani mahali ulipo.

"Hiyo si shida," Winfred akasema. "Naishow tu, naiambia iko Tanga." Akabofya hapa na pale, akabadilisha nchi, akaongeza kitu kingine cha kuificha runinga isijulikane ilipo, na apu ikafunguka. Watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, likatokea swali jingine: weka nambari ya simu ya Tanzania utumiwe nambari sita za kuthibitisha.

Elkana alikuwa amejiandaa kwa hilo. Bonface alikuwa na laini ya Tanzania, na alikuwa amekubali. Winfred akaiingiza. Apu ikasema nambari hii inatumika kwenye kifaa kingine.

"Ameshajisajili kwa simu yake huyo," Winfred akasema. "Nambari moja, kifaa kimoja. Tafuta ingine. Na ufanye haraka, wanaingia ulingoni saa kumi na moja kasoro."

Hapo Elkana akatokwa na jasho la mgongoni. Nambari nyingine ya Tanzania aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Ilikuwa kwenye Biblia yake, imeandikwa kwa kalamu ndani ya jalada, na dada yake ndiye aliyempa kabla ya kufa, miaka kumi na moja iliyopita. Hakuwahi kuipiga. Kuna siku aliifungua Biblia kwa ajili ya kuitazama tu, akaifunga bila kusoma hata mstari mmoja wa Neno.

"Elkana! Wangoja nini?" Kafedha akasema. "Watu wamekuja kula viazi au kutazama ngumi?"

Akaisoma. Winfred akaiingiza. Apu ikakubali: nambari sita zimetumwa, zitadumu dakika tano.

"Sasa pigia mwenyewe akusomee," Winfred akasema.

Elkana hakushika simu. Kafedha, asiyependa mambo ya kuzubaa, akaivuta Biblia, akabonyeza nambari kwenye simu yake mwenyewe na kuweka sauti kubwa. "Ni nani huyu?"

"Dada yangu mdogo," Elkana akasema.

Simu ikaita. Ikapokelewa, na nyuma yake kulikuwa na ngoma na kelele za watu wengi.

"Shikamoo dada," akasema Kafedha. "Mie Kafedha, twapiga kutoka Mombasa. Mke wa Elkana."

"Elkana yupi?" Sauti ilitoka kwa shida upande mmoja, kama ya mtu aliyeweka ubuyu shavuni.

"Elkana Nyundo, dada. Kakako."

Winfred akanyoosha vidole vinne kuonyesha dakika zilizobaki.

"Kaka yangu," ile sauti ikarudia. "Yupo hapo?"

"Nipo," Elkana akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Tsofa akageuka kumtazama.

"Unataka nini?"

"Kuna nambari sita zimeingia kwenye simu yako. Za kufungulia TV. Nataka kumwona Felix."

"Nimeziona. Nilidhani ni matapeli. Una watu hapo?"

"Ninao."

"Wengi?"

"Chumba kimejaa."

"Vizuri. Nitakupa. Lakini utaapa kwamba hutaizima hiyo TV mpaka nikupigie mimi nikwambie zima. Apa, huyo mkeo asikie."

"Naapa."

"Nne," akasema Phoebe. "Moja. Moja. Saba. Tisa. Sita." Simu ikakatika.

Winfred akabofya, na runinga ikajaa ulingo, taa na watu. Chumba kikalipuka kwa vigelegele. Kafedha tu ndiye hakupiga. Alikuwa bado ameishika simu. "Dadako mbona hakukuamkia?" akauliza. "Hata salamu! Na wewe ndiye mkubwa wake."

Elkana akasogeza kiti chake karibu na runinga.

Walimleta Felix ulingoni kabla hajavaa glavu. Alikuwa mrefu kuliko baba yake, bandeji nyeupe mikononi, uso hauna kitu. Mpinzani wake, bondia wa Morogoro, alikuwa anarukaruka kwenye kona ya pili na kutabasamu kwa kamera. Mtangazaji akamsogelea Felix na kipaza sauti. Nani amekufikisha hapa? Nani amekufundisha?

"Namshukuru Mungu," Felix akasema. "Aliyenifundisha ni baba yangu. Anaitwa Elkana Nyundo."

Jamani! Hamali wanane waliruka kwa pamoja. Sinia ya viazi ilipinduka. Tsofa alimshika Elkana mkono wa kushoto akaunyanyua juu kama refa, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akamkumbatia kwa nyuma, na Elkana akalia. Alilia wazi, mbele za watu, na machozi yakapita juu ya makovu. Sijui kama maishani mwake aliwahi kuwa na raha kama ile, na ilikuwa raha ya pumzi tatu au nne, maana Felix alikuwa hajamaliza.

"Alinisimamisha ukutani kila siku," Felix akaendelea, taratibu, "akanipiga makofi nisipepese macho. Ngumi ya kushoto alinionyesha inavyofanya kazi. Alinionyesha kwenye taya la mama yangu, nikiwa na miaka sita. Mama yangu yule pale."

Kamera ikageuka. Safu ya mbele, ameketi mwanamke mwenye kitenge cha kijani, uso umevutwa upande mmoja, mdomo haukutani vizuri. Mkononi ameshika simu.

"Huyu ndugu wa Morogoro anisamehe," Felix akasema. "Sina ugomvi naye. Lakini nikirusha mkono simwoni yeye."

Mkono wa Elkana ulikuwa bado juu, Tsofa ameushika, na Tsofa akauachia ukaanguka wenyewe. Elkana akanyoosha mkono kuitafuta rimoti. Kafedha alikuwa ameshaikalia.

"Umeapa," akasema.

Kengele ikalia.

Raundi ya kwanza yule wa Morogoro alimpasua Felix nyusi. Damu ilishuka ikaingia jichoni, na Felix hakupepesa. Alikuja mbele tu, mikono chini kidogo, akipokea. Ngumi ya tumbo, ya kifua, ya mdomo. Kizuia meno kikamtoka, akakiokota mwamuzi, Felix akakirudisha kinywani na damu yake bila kukifuta. Mke wa Tsofa akajifunika uso kwa leso. Elkana aliona kila kitu kwa jicho la mtu wa kazi, akajua mwanawe anangoja nini. Alijua pia kwamba kungoja kule, yule mtoto alijifunzia ukutani.

Raundi ya pili zikaanza ngumi za Felix. Alizipiga mbavuni, moja baada ya moja, bila haraka, mpaka yule wa Morogoro akaacha kutabasamu, mpaka akaanza kuvuta pumzi kwa mdomo. Hamali mmoja akasema "Piga!" kwa mazoea, kisha akajutia. Ngumi zilisikika kwenye spika za runinga mpya kwa sauti safi, na kila moja ilimwingia Elkana tumboni. Alikuwa akipigwa kwenye kiti chake mwenyewe, chumbani kwake, mbele ya wageni aliowaalika.

Raundi ya tatu ikaja ile ya kushoto. Ilitoka chini, ikazunguka, ikatua kwenye taya. Wote walisikia. Yule wa Morogoro aliganda wima, macho wazi, mdomo umekwenda upande, na kamba zikamzuia asianguke. Mwamuzi alikuwa mbali hatua mbili. Katika hatua hizo mbili Felix alimpiga tena, palepale, na tena, na ya nne, meno yakaruka, damu ikamwagikia suruali ya mwamuzi, na hata alipokumbatiwa na kuburutwa nyuma mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unarushwa hewani. Ukumbi mzima wa Tanga ulikuwa unapiga kelele. Chaani, mke wa Tsofa alikuwa bado amejifunika leso.

"Mungu wangu," Winfred akasema hatimaye. "Huyo atakufa."

Hakufa. Walimketisha, wakammulika macho, akanyanyua kidole kuonyesha anasikia. Felix alimwendea, akapiga magoti mbele yake, akasema maneno ambayo kamera haikuyashika. Halafu wakamfunga mkanda kiunoni. Mtangazaji alipomletea kipaza sauti tena, Felix alikisukuma, akaja moja kwa moja kwenye kamera mpaka uso wake ukajaa runinga ya Elkana kutoka ncha hadi ncha. Jicho moja limevimba, jingine jekundu. Alitazama tu.

Elkana alikuwa hajapepesa mbele ya bondia yeyote tangu awe kijana. Akajikaza. Akahesabu, kama alivyokuwa akimhesabia mtoto kule ukutani. Alipofika nane macho yakamshinda, akayafumba, na alipoyafumbua Felix bado alikuwa pale, anamtazama.

Watu walianza kuaga, ingawa kuaga ni kusema tu. Walichukua viatu vyao mlangoni wakatoka wameinamisha vichwa, kama wanaotoka matangani. Tsofa alipita bila kumgusa bega. Winfred alisimama, akatazama zile nyaya, akaziacha, akaenda zake.

Simu ya Kafedha ikaita. Aliitazama nambari, akaweka sauti kubwa.

"Haloo."

"Wewe ndiye mkewe?"

"Ndiye mimi, dada." Aliposema dada safari hii alijua anamwita nani.

Picha ya runinga ilichelewa nyuma ya simu kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo ni sasa ndipo walipomwona Phoebe, safu ya mbele, anabonyeza simu na kuipeleka sikioni.

"Anakupiga?" Phoebe akauliza.

Kafedha alimtazama mumewe, akautazama ule mkono wa kulia uliopinda, uliolala juu ya goti.

"Alijaribu mara moja."

"Ukafanya nini?"

"Nilimvunja mkono. Kwa mchi wa jikoni. Mahali pawili."

Kicheko kikatoka kwenye simu, kicheko cha upande mmoja, kikubwa, kisichojali nani anasikia. Kilikuwa kimeshaisha pale runinga ilipomwonyesha Phoebe ametupa kichwa nyuma anacheka, mkono mmoja umelishika taya, kwa sababu mpaka leo akicheka linamuuma.

"Mwambie sasa anaweza kuzima," Phoebe akasema, akakata.

Kafedha akasimama kutoka juu ya rimoti. Akaiokota, akampelekea. Elkana akanyoosha mkono wa kushoto kuipokea, na Kafedha akairudisha nyuma.

"Kwa huo wa kulia," akasema.

Vidole vya mkono ule havijawahi kukunjika sawasawa tangu siku ya mchi. Alibonyeza mara tatu ndipo ikazima.